Vimeng'enya vinavyovunja dawa wodini: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Nafanya kazi kwenye maabara ya vimelea. Sehemu kubwa ya siku yangu naangalia sahani zilizooteshwa bakteria kutoka kwa wagonjwa waliolazwa: damu, mkojo, usaha, makohozi. Jibu likitoka na herufi kama ESBL au NDM, majina ya vimeng'enya vinavyovunja dawa, simu huanza kulia. Ni ndugu wa mgonjwa, ni nesi wa zamu, ni mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo. Maswali yao yanafanana sana, na mengi yana uzito kuliko wenyewe wanavyodhani.

Daktari ameandika "ESBL" kwenye faili la mama yangu. Huo ni ugonjwa gani?

Si ugonjwa. Ugonjwa wa mama huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, ya kidonda cha upasuaji au ya damu. ESBL inaeleza silaha aliyonayo bakteria aliyeleta maambukizi hayo. Bakteria huyo, mara nyingi E. coli au Klebsiella pneumoniae, anatengeneza kimeng'enya kinachovunja karibu penisilini zote na sefalosporini nyingi, ikiwemo seftriaksoni, ile sindano ya unga mweupe ambayo wodi zetu huianza upesi kwa mgonjwa mwenye homa kali. Daktari akiziona herufi hizo anajua kwamba seftriaksoni haitamponya mama, na anatakiwa abadilishe dawa leo, asingoje kesho.

Neno kimeng'enya wengi tulikutana nalo shuleni kwenye somo la mmeng'enyo wa chakula, pale tulipofundishwa mate yanavyovunja wanga. Hiki nacho ni cha jamii hiyo: protini inayofanya kazi moja ya kikemia tena na tena bila chenyewe kuisha. Kinachomeng'enywa hapa ni dawa ya mgonjwa.

Kinaivunjaje?

Tuanze na dawa yenyewe. Penisilini, ampisilini, amoksilini, seftriaksoni, meropenemu: zote zina pete ndogo ya atomi nne, tatu za kaboni na moja ya naitrojeni. Ndiyo pete ya beta-laktamu. Atomi nne kwenye pete ni msongamano, kwa hiyo imejikaza kama upinde uliovutwa na iko tayari kufyatuka.

Bakteria naye amezungukwa na ukuta, na ukuta huo anaujenga na kuukarabati muda wote anapokua. Ana mafundi wake, protini zinazounganisha tofali kwa tofali. Dawa imefanana na ncha ya tofali. Fundi anaishika akidhani ni tofali, pete inafyatuka, mkono wake unanasa hapo hapo. Mafundi wakishanasa, ukuta unabaki na matundu, maji yanaingia, bakteria anapasuka.

Sasa weka kimeng'enya njiani. Kwa bakteria kama Klebsiella kinakaa kwenye uwazi mwembamba kati ya utando wa nje na utando wa ndani, mahali ambapo dawa lazima ipite kabla haijamfikia fundi. Kinaishika dawa kama fundi anavyoishika, ila chenyewe hakinasi. Kinaingiza molekuli ya maji, pete inakatika, dawa inaachiwa ikiwa haina kazi tena, kinashika nyingine. Kimeng'enya kimoja cha aina ya TEM-1 kinaweza kuvunja zaidi ya molekuli elfu moja za penisilini kwa sekunde moja. Ukiniuliza kwa nini daktari asiongeze tu kipimo cha dawa ile ile, jibu ni hilo: kasi ya ubomoaji ni kubwa kuliko kasi ya sindano.

Kuna koo mbili. Wa kwanza hukata kwa kutumia asidi amino iitwayo serini. Humo wamo TEM, SHV, CTX-M, KPC na OXA-48. Wa pili hukata kwa msaada wa madini ya zinki. Humo wamo NDM, VIM na IMP. Ishike tofauti hiyo, tutaihitaji tukifika kwenye matibabu.

Kwa hiyo mwili wa mama umeizoea dawa?

Hapana. Mwili hauzoei antibayotiki. Aliyebadilika ni bakteria. Hata kichanga wa siku mbili, ambaye hajawahi kuonja dawa yoyote, anaweza kuugua bakteria mwenye ESBL, kwa sababu amempata akiwa hivyo tayari kutoka kwenye mikono ya watu, kwenye beseni au kwenye mrija wa dripu. Imani ya kwamba "mwili umezoea" inaumiza, maana inamfanya ndugu aone tatizo ni la mgonjwa wake peke yake, wakati mgonjwa wa kitanda cha jirani anahusika moja kwa moja.

Vimeng'enya hivi vilianza lini? Ni sisi tulioviumba kwa kutumia dawa ovyo?

Vilikuwepo kabla yetu. Kwenye udongo, ukungu na bakteria wamepigana kwa kemikali tangu zama na zama, na penisilini yenyewe ni silaha ya ukungu. Mwaka 2011 watafiti walieleza walivyochunguza udongo ulioganda kwa barafu huko Yukon, Kanada, wa miaka kama 30,000, wakakuta ndani yake jeni za vimeng'enya vya aina hii. Na mwaka 1940, kule Oxford, Edward Abraham na Ernst Chain walitangaza kimeng'enya cha bakteria kinachoharibu penisilini, wakati dawa yenyewe bado haijaingia wodini.

Sisi tulichofanya ni kuvichagua na kuvieneza. Ampisilini ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1965 ilikwisha ripotiwa TEM-1, kutoka kwa E. coli wa mgonjwa wa Athens, Ugiriki. Zikaletwa sefalosporini za kizazi cha tatu, kama seftriaksoni, zilizoundwa makusudi ili TEM-1 isiziweze. Mwaka 1983 Wajerumani wakaripoti Klebsiella mwenye SHV-2, kimeng'enya ambacho badiliko dogo tu kwenye protini lilikuwa limekipa uwezo wa kuzivunja. Hiyo ndiyo ESBL ya kwanza kuelezwa. Baadaye ikaja CTX-M, ambayo asili yake ni bakteria wa mazingira aitwaye Kluyvera, na mtoto wake CTX-M-15 akaenea duniani kuliko wenzake wote. Karibu kila maabara ya Afrika Mashariki inayosoma jeni hukutana naye.

Tukakimbilia karbapenemu, yaani imipenemu na meropenemu. Nazo zikafuatwa: KPC kutoka kwa bakteria aliyehifadhiwa North Carolina, Marekani, mwaka 1996, VIM kutoka Verona, Italia, mwaka 1997, OXA-48 kutoka Istanbul mwaka 2001, NDM-1 mwaka 2008. Ukiitazama miaka hiyo kwa mpangilio unaona kwamba kila dawa mpya ilifuatwa na kimeng'enya chake.

Majina haya ya ajabu yanatoka wapi?

Hayana utaratibu mmoja. TEM ni herufi za mwanzo za jina la yule mgonjwa wa Athens. CTX ni kifupi cha dawa ya sefotaksimu, na M ni mji wa Munich. OXA ni oksasilini. VIM inaanza na V ya Verona. KPC imebeba jina la bakteria mwenyewe, Klebsiella pneumoniae.

NDM ndiyo iliyoleta manung'uniko. N na D ni New Delhi. Mgonjwa alikuwa raia wa Uswidi mwenye asili ya India, aliyekuwa amelazwa New Delhi kabla ya kurudi nyumbani, na bakteria akagunduliwa Uswidi. Madaktari na viongozi wa India walilalamika kwamba mji wao umepachikwa aibu. Nawaelewa kabisa. Mtu wa kawaida akisikia jina lile anaogopa watu wa mahali fulani, wakati jeni yenyewe imeshafika kila bara.

Vinahamaje kutoka bakteria mmoja hadi mwingine?

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo zima, na ndipo ninapotamani wanafunzi wakae muda mrefu.

Maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya yameandikwa kwenye jeni. Jeni nyingi za namna hii hazikai kwenye kromosomu kuu ya bakteria. Zinakaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA cha mviringo kinachojinakili chenyewe. Bakteria wawili wakikutana, mmoja hutoa mrija mwembamba, wakavutana wakagusana, na nakala ya plasmidi ikapita. Aliyetoa anabaki na yake. Na si lazima wawe wa jamii moja: E. coli wa kawaida kwenye utumbo wa mtu mzima wa afya anaweza kumpa Klebsiella anayepita, na Klebsiella akampa mwingine.

Wajapani waliliona hili mapema. Miaka ya 1950 walikuwa na milipuko ya kuhara damu ambapo Shigella walikuwa sugu kwa dawa nne kwa mpigo. Mabadiliko manne ya bahati nasibu kutokea pamoja kwa wagonjwa wengi namna ile haiingii akilini. Wakagundua kwamba usugu wote ulikuwa unahama kwa pamoja, kama mzigo mmoja.

Ndivyo ilivyo hadi leo. Plasmidi yenye CTX-M-15 mara nyingi imebeba pia kimeng'enya kingine kisichohusika kabisa na pete, kinachobandika kipande cha kemikali juu ya dawa za jamii ya jentamaisini ili zisishike shabaha yake. Kimojawapo kina toleo linalobandika hata kwenye siprofloksasini. Ndiyo sababu ukisoma karatasi ya majibu unaona herufi R, yaani sugu, imejipanga kutoka juu hadi chini, hata kwenye dawa ambazo mgonjwa hakuwahi kupewa. Na ndiyo sababu mtu aliyetumia siprofloksasini ya dukani kwa ajili ya tumbo anaweza kuwa amewalea bakteria wanaovunja seftriaksoni.

Mbona vinaonekana zaidi hospitalini?

Kwa sababu hospitali inakusanya mahali pamoja kila kitu ambacho bakteria huyu anakihitaji: dawa nyingi zinazowaua wenzake, watu waliodhoofika, mipira na mirija inayofungua njia ya kuingia mwilini, na mikono inayotoka kitanda hadi kitanda.

Wanaoumia zaidi ni vichanga. Utafiti uliofanyika Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2005, uliangalia watoto wenye maambukizi ya damu. Miongoni mwa walioambukizwa bakteria wenye ESBL, asilimia 71 walifariki. Kwa wale ambao bakteria wao hawakuwa na ESBL, asilimia 39. Nimezisoma namba hizo mara nyingi na bado zinanishtua. Tofauti kubwa kati ya makundi hayo mawili ilikuwa ni kama dawa waliyoanzishiwa ilikuwa na nafasi ya kufanya kazi au la. Kule Mwanza, watafiti wa Bugando walieleza mwaka 2013 jinsi ukoo mmoja wa Klebsiella wenye CTX-M-15, unaoitwa ST14, ulivyotawala maambukizi ya damu ya watoto wachanga. Ukoo mmoja kwa watoto wengi maana yake ni kwamba bakteria alikuwa akipita kutoka mtoto hadi mtoto, na hapo hakuna dozi ya mama yeyote ya kulaumiwa. Nairobi nako, Klebsiella mwenye NDM-1 aliripotiwa mwaka 2011, mapema kuliko wengi wetu tulivyotarajia.

Kwa dunia nzima, makadirio ya mwaka 2019 ni kwamba usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27, na ulihusika katika vifo milioni 4.95. Mzigo mzito zaidi kwa idadi ya watu ulikuwa Afrika kusini mwa Sahara.

Maabara inavitambuaje?

Njoo nikuonyeshe sahani. Ni duara la plastiki lenye utomvu mgumu wa rangi ya maziwa ya kuchuja. Tunachukua bakteria wa mgonjwa, tunawakoroga kwenye maji ya chumvi mpaka yawe na ukungu wa kiwango maalumu, tunawapaka sahani nzima kwa pamba. Kisha tunaweka visahani vya karatasi vyenye dawa, kila kimoja na upana wa milimita 6. Katikati tunaweka chenye amoksilini na klavulanati, kizuizi kinachofunga vimeng'enya hivi. Pembeni, umbali wa milimita 20, tunaweka cha sefotaksimu upande huu na cha seftazidimu upande ule. Inalala kwenye joto la nyuzi 35 mpaka asubuhi.

Asubuhi bakteria wameota kama zulia jepesi la kijivu. Bakteria akiwa hana ESBL, kila kisahani kimezungukwa na duara safi lisilo na kitu. Akiwa nayo, kisahani cha sefotaksimu kina duara dogo la kusikitisha, lakini upande unaotazama katikati duara hilo limevutika, likaungana na la jirani, likachora umbo kama tundu la ufunguo. Klavulanati iliyosambaa kutoka katikati imekifunga kimeng'enya, na pale kilipofungwa sefotaksimu imefanya kazi yake. Nimeliona umbo hilo mara nyingi mno na bado husimama kulitazama.

Kwa vile vinavyovunja karbapenemu kuna kipimo kingine ninachokipenda kwa unafuu wake. Tunatumbukiza kisahani cha meropenemu kwenye mchuzi wenye bakteria wa mgonjwa, kinakaa humo saa 4. Halafu tunakitoa na kukiweka juu ya sahani iliyopakwa E. coli asiye na usugu wowote. Kesho yake, kama E. coli huyo dhaifu ameota mpaka pembeni mwa kisahani, tunajua meropenemu ililiwa yote kule kwenye mchuzi. Duara la milimita 15 au chini ya hapo ni jibu chanya. 19 na zaidi ni hasi. Tukirudia kipimo na kuongeza EDTA, kemikali inayonyang'anya zinki, tunajua kama mkosaji ni wa ukoo wa NDM: akinyimwa zinki anashindwa kazi. Hakihitaji mashine ya mamilioni. Kinahitaji mtu makini na umeme usiokatika usiku.

Kwa nini mnasisitiza sampuli ichukuliwe kabla ya dawa?

Nieleze kisa kimoja. Miaka ya nyuma, hospitali moja niliyofanya kazi ilituletea chupa ya damu ya kichanga. Fomu ilikuwa na jina na namba ya kitanda, basi; sehemu ya dawa ilikuwa wazi. Chupa ilikaa siku 5 bila kuota kitu, tukaandika "hakuna kimelea". Wodi ikaamini kwamba dawa inafanya kazi, ikaendelea nayo. Baadaye nikajua kwamba mtoto alikuwa ameshachomwa seftriaksoni na jentamaisini kwa siku 3 kabla ya damu kuchukuliwa. Dawa ilikuwa imewapunguza bakteria kwenye damu kiasi cha kutoota kwenye chupa, lakini haikuwamaliza mwilini. Mtoto alifariki wiki hiyo. Siwezi kusema kwa hakika kwamba sampuli ya mapema ingemwokoa. Ninachojua ni kwamba jibu letu liliwapotosha watu waliokuwa wanajitahidi, na tangu hapo chupa ikija bila maelezo ya dawa napiga simu kabla sijaiingiza kwenye mashine.

Kama wewe ni ndugu wa mgonjwa, una haki ya kuuliza kwa heshima: "Sista, damu ya kuotesha imeshachukuliwa?" Uliza kabla sindano ya kwanza haijachomwa. Ila mgonjwa akiwa hoi, matibabu yasicheleweshwe kwa sababu ya chupa. Damu huchukuliwa kwa dakika chache, sindano ikafuata.

Dawa zipi bado zinafanya kazi?

Inategemea kimeng'enya na mahali ulipo ugonjwa, na uamuzi ni wa daktari. Picha ya jumla ni hii.

Kwa ESBL, meropenemu ndiyo tegemeo maambukizi yakiwa mazito. Watu huuliza: kama klavulanati inakifunga kimeng'enya kwenye sahani, kwa nini tusitumie mchanganyiko wa namna hiyo na kuitunza meropenemu? Ni swali zuri, na lilijaribiwa. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti wa MERINO, uliolinganisha piperasilini na tazobaktamu dhidi ya meropenemu kwa wagonjwa wenye E. coli au Klebsiella sugu kwa seftriaksoni kwenye damu. Ndani ya siku 30 walifariki asilimia 12.3 upande wa mchanganyiko na asilimia 3.7 upande wa meropenemu. Kwenye damu bakteria ni adui mwingine kuliko kwenye sahani. Maambukizi ya kibofu yasiyo makali ni habari tofauti: nitrofurantoini au fosfomisini mara nyingi zinatosha, na ni za kumeza.

Bakteria akivunja karbapenemu, sasa ule ukoo una maana. Avibaktamu, kizuizi kipya zaidi ya klavulanati, huifunga KPC na OXA-48, lakini vya zinki haiviwezi. Kuna dawa moja ya zamani, aztreonamu, ambayo NDM haiwezi kuivunja. Shida ni kwamba bakteria mwenye NDM huwa na ESBL pia, na hiyo inaivunja. Ukiunganisha aztreonamu na avibaktamu kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Mchanganyiko huo uliidhinishwa Ulaya mwaka 2024. Kwetu bado ni ndoto kwa hospitali nyingi, na hilo linanikera, kwa sababu NDM haikungoja kibali. Tunabaki na kolistini, dawa ya zamani inayoumiza figo, na hata hiyo ina kimeng'enya chake: MCR-1, kilichoripotiwa China mwaka 2015, kinachobadilisha utando wa bakteria ili kolistini isishike.

Meropenemu naweza kuinunua mwenyewe dukani?

Usifanye hivyo. Ni ya sindano ya mshipani, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa uangalifu. Seftriaksoni nayo iko kundi hilo hilo, ingawa tunaichoma kama maji.

Mama amepona. Bado ana bakteria huyo? Wajukuu wamkaribie?

Inawezekana sana bado anaye tumboni, bila kuumwa chochote. Utumbo unaweza kumbeba kwa miezi. Kwa wengi hupotea wenyewe ndani ya mwaka, kwa wengine hukaa zaidi. Hatupi antibayotiki ili kumtoa, maana dawa ingewaua bakteria wema wanaoshindania nafasi naye, na yeye angebaki na nyumba kubwa zaidi.

Wajukuu wamkumbatie bibi yao. Nawe mkumbatie. Kinachotakiwa ni sabuni chooni na kabla ya kushika chakula, kwa wote. Na akiugua tena, mkumbushe daktari kwamba aliwahi kuwa na ESBL. Leteni ile karatasi ya majibu. Wengi huitupa. Itunzeni na kadi ya kliniki.

Kuku na nyama je?

Bakteria wenye ESBL wamepatikana kwenye mifugo pia, na dawa za kuku zina sehemu yake. Kupika hadi iive huwaua bakteria. Hatari iko kwenye ubao uliokatiwa kuku mbichi kisha ukakatiwa kachumbari.

Nauguza mgonjwa wodini. Nifanye nini?

Mikono kwanza. Nawa au paka kitakasa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa wako na baada ya kumgusa, hasa ukishamwaga mkojo. Kitakasa hakihitaji kuwa cha gharama: kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni ethanoli ya asilimia 80, gliserini kidogo na haidrojeni peroksaidi kidogo, na famasia ya hospitali inaweza kukitengeneza yenyewe. Paka ukisugua mpaka kikauke, sekunde 20 hadi 30.

Najua utamaduni wetu: ukimaliza kumlisha mama unamsaidia na jirani asiye na mtu. Ni wema, usiuache. Nawa katikati. Usiketi kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine, na beseni la kuogea la mgonjwa wako lisiazimwe.

Jambo la mwisho ni mpira wa mkojo. Kila siku unaokaa, bakteria wanapanda. Muulize nesi au daktari kila asubuhi kama bado unahitajika. Swali hilo dogo limezuia maambukizi mengi kuliko sahani zangu.

Nimerudi kutoka matibabu India. Niseme nini nikilazwa hapa?

Sema hivyo hivyo: ulilazwa wapi, lini, ulipewa dawa gani. Wagonjwa wengi wa Tanzania na Kenya hupata rufaa huko, na hospitali yoyote yenye wagonjwa wengi mahututi, ya India, ya Ulaya au ya hapa, inaweza kukupa bakteria wa kuondoka naye. Hospitali inaweza kuchukua usufi wa njia ya haja kubwa ili kuangalia. Si adhabu wala tuhuma.

Majibu yanachukua siku ngapi?

Mkojo, kama siku 2. Damu ni zaidi: chupa nyingi zenye bakteria hujionyesha ndani ya saa 24 hadi 48, siku inayofuata tunakuwa na vimelea kwenye sahani, na siku baada yake ndipo unapopata orodha ya dawa. Isipoota kitu, tunasubiri siku 5.

Lakini hatungoji mwisho. Chupa ikionyesha dalili tu, tunatia rangi tone moja na kuliangalia kwenye hadubini; tukiona vijiti vyekundu tunapiga simu wodini saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane, kwa sababu daktari anaweza kubadilisha dawa kwa taarifa hiyo peke yake. Kwa hiyo fomu iandikwe namba ya simu ya wodi, namba inayosomeka, na pawe na mtu wa kuipokea.